Breki Isiyoachia
Gari la mashindano la dereva wa ridhaa likirudi na rimu inayochoma mkono, wengi hukimbilia kununua kalipa mpya, na inaniuma kuona pesa ya mtu inateketea hivyo. Piga jeki, kanyaga breki, achia, zungusha gurudumu kwa mkono. Likigoma, legeza nipo ya kutolea upepo: lisipoachia, pistoni ya kalipa imeshika kutu au pini zake zimekauka grisi, likiachia, presha imenaswa huko juu. Basi funga nipo, kanyaga tena, ulegeze bomba kwenye masta silinda. Gurudumu likiachia sasa, tazama fimbo ya pedali, hasa kama pedali zilibadilishwa. Fimbo ikiwa ndefu mno, pistoni ya masta hairudi hadi mwisho, kitundu cha kurudishia mafuta kinabaki kimezibwa, na mafuta yakipata joto yanatanuka bila pa kwenda. Ndiyo maana gari huanza vizuri kisha likabana kadiri mizunguko inavyoongezeka. Milimita moja ya nafasi kati ya fimbo na pistoni kwa kawaida hutosha. Gurudumu likigoma bado hata baada ya kulegeza bomba kwenye masta, shuku mpira wa breki: nje mzima, ndani umevimba, unapitisha mafuta yakienda na kuyazuia yakirudi. Huo hausafishwi, hutupwa. Wala usimalizie mbio breki ikibana, kwani mafuta ya DOT 4 yaliyonyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 hivi, na yakichemka pedali inazama hadi sakafuni.