Makuta Yakipunguka, Deputé wa Jimbo Aanzie Wapi?



Kila mara bei ya shaba inaanguka, sisi huku Katanga tunasikia maumivu mbele ya wengine. Katikati ya mwaka wa 2008, tani moja ya shaba ilikuwa inauzwa zaidi ya dolari 8.000. Kufika desemba ya mwaka ule ule, ilishuka karibu na dolari 3.000. Makampuni mengi yakafunga milango, watu maelfu wakapoteza kazi, wengine wakarudi kijijini kutafuta shamba. Kiisha shida ikarudi tena. Mwanzo wa 2016 dolari moja ilikuwa karibu franga 930. Mwisho wa 2017 ilifika karibu 1.600. Na katika wakati ule Zambia ilizuia muhindi wake kutoka, unga wa bukari ukapanda bei Lubumbashi.

Tunakumbusha hayo juu ya sababu moja: mashini ya mgodi inaweza kusimama, lakini tumbo halisimami. Jimbo lenye kununua unga wake inje kwa dolari linaumia mara mbili siku franga inaanguka. Kwa hiyo deputé wa jimbo mwenye kutaka kusaidia watu wakati wa shida ya uchumi anapashwa kuanzia shambani. Mara nyingi haanzii pale.

Wengine wanasema: "Hayo ni mambo ya Kinshasa." Si kweli yote. Katiba ya 2006 inapatia jimbo kazi ya kutengeneza programu za kilimo na kuzitimiza. Wadeputé wa jimbo njo wenye kupiga kura ya bajeti ya jimbo, njo wenye haki ya kuuliza gavana na waministri wake makuta yalienda wapi. Ni kweli pia kwamba Katiba inasema 40% ya mapato ibakie kwenye majimbo, na kila mtu anajua yenye kufika ni kidogo na inachelewa. Lakini makuta yakiwa kidogo, njo wakati wa kuchagua muzuri. Sisi maagronomu tunaona mambo matatu ya kutanguliza.

Ya kwanza ni barabara ya shamba. Hatusemi lami. Tunasema kantonaji: watu wa kijiji na majembe, pelu na burueti, wanafungua mifereji mbele ya mvua. Adui wa barabara ya udongo ni maji. Mfereji wenye kuzibwa mwezi wa novemba, kufika februari unageuka shimo la kumeza kamioni. Kazi hii haiombi mashini kubwa, na mshahara wake unabakia kijijini, mikononi mwa vijana wale wale mgodi uliwafukuza.

Ya pili ni barieri. Tuhesabu pamoja. Tuseme kamioni inabeba mifuko 100 ya muhindi, inapita barieri tano, na kila moja inaomba franga 10.000. Ni franga 50.000, maana yake franga 500 kwa kila mfuko. Mwenye kamioni hazilipi yeye. Anazitosha kwenye bei anayokupatia wewe. Kuondoa barieri zisizo na sheria hakuombi hata franga moja ya bajeti. Kunaomba tu deputé mwenye kusimama barazani na kuuliza: nani alitia ile kamba pale, kwa karatasi gani, na makuta yanaingia kwenye kashi gani?

Ya tatu ni mbegu na mbolea kwa wakati wake. Hapa kuna kitu wadeputé wengi hawakioni. Bajeti ya leta inaanza januari, lakini mwaka wa mkulima unaanza na mvua. Huku kwetu muhindi unapandwa novemba mpaka desemba. Mbolea ya kwanza inaingia udongoni pamoja na mbegu. Urea inafuata muhindi ukifika magotini. NPK yenye kufika januari ni makuta ya kutupwa, hata ikiwa ya bure. Kwa hiyo bajeti inapashwa kuandika kwamba mbolea inunuliwe kufika mwezi wa nane, na igawanywe kupitia koperative zenye listi ya wamemba na depo.

Kuna njia ingine ilishajaribiwa. Wakati wa Katanga kubwa, gavana Moïse Katumbi aliomba kila kampuni ya madini ilime hektari 500. Nia ilikuwa kupunguza unga wa kutoka inje, na nia ile ilikuwa nzuri. Lakini kampuni ya kuchimba inajua kuchimba, na siku shaba inaanguka, shamba lake linaanguka nalo. Mkulima mdogo mwenye barabara na mbolea kwa wakati anabakia hata mgodi ukifunga.

Mtu atauliza: na mishahara ya walimu na wauguzi je? Hiyo isiguswe. Mtoto wa mkulima anasoma, anagonjwa pia. Yenye kupunguzwa ni safari, magari mapya, na mikutano yenye haiachi kitu.

Sasa, sisi tufanye nini? Kikao cha bajeti kinafunguliwa mwisho wa septemba. Kila koperative iandike karatasi moja, si kumi: barabara gani na ni kilometa ngapi, barieri ngapi na kila moja inaomba ngapi, hektari ngapi zitalimwa na mifuko ngapi ya mbolea inahitajika. Mupitishe karatasi ile kwenye CARG ya teritware, kiisha mupelekee deputé wenu mkononi, na mubakize kopi yenye sahihi yake. Januari mumurudilie na swali moja: maneno yetu yako kwenye mustari gani wa bajeti?

Yeye alikuja kwetu kuomba kura. Si haya kwenda kwake kuomba hesabu.