Mzigo wa Karatasi za Ofisi Hubebwa na Mnyonge

Kila linapozuka suala la kupunguza matumizi ya karatasi katika kampuni na ofisi kubwa, aghalabu hoja inayotangulizwa ni ile ya miti. Twaambiwa tuihurumie misitu. Hoja hiyo ni ya haki, wala sina nia ya kuibeza. Hata hivyo, kwetu Turkana, ambako hapaoti msitu wa kutengenezea karatasi, naona ipo hoja nyingine iliyo karibu nasi zaidi. Ni nani hasa anayelipia karatasi zinazopotezwa ofisini? Jibu langu ni kwamba mlipaji mkuu si ofisi, bali ni mtu wa Namoruputh.

Namoruputh ni kituo kidogo kilicho magharibi mwa Lodwar, kwenye njia ya Lorugum inayoelekea Lokiriama, karibu na mpaka wa Uganda. Tumchukue mwanafunzi wa huko anayeomba basari. Fomu yake yataka muhuri wa chifu, sahihi ya mwalimu mkuu, nakala ya kitambulisho cha mzazi, nakala ya cheti chake cha kuzaliwa na nakala ya ripoti ya muhula. Mashine ya kutoa nakala ipo Lodwar. Mzazi atauza mbuzi, atapanda gari, atalipa kila ukurasa, kisha ataambiwa dirishani kwamba zahitajika nakala tatu wala si moja. Atarudi kwenye mashine. Kabrasha hilo likishapokewa, litarundikwa juu ya makabrasha mengine, na mwaka ujao mzazi yule yule ataombwa karatasi zile zile, kana kwamba mwanawe amezaliwa upya.

Msomaji asidhani kwamba natia chumvi. Kila mwalimu aliyepata kufundisha katika sehemu hizi amewaona wazazi wa namna hiyo. Wala hali ya mwombaji kazi si nafuu. Aghalabu hudaiwa vyeti vya kuthibitisha kwamba hadaiwi kodi, hadaiwi mkopo wa elimu, na hana kosa katika rekodi za polisi, na hivyo vyote vimetolewa na idara za Serikali hiyo hiyo. Idara moja ingeweza kuiuliza nyingine. Badala yake, raia amefanywa tarishi wa kupeleka karatasi za Serikali kwa Serikali.

Sasa tutazame upande wa pili wa dirisha. Nimewahi kuingia katika ofisi moja kubwa, ambayo sitaitaja, nikakuta taarifa ya mkutano iliyokwisha kutumwa kwa barua pepe imechapishwa tena kwa ajili ya kila mhudhuriaji, upande mmoja tu wa karatasi, na nyingi zimebaki mezani bila kusomwa. Naomba wanafunzi wanisaidie hesabu. Rimu moja ina karatasi 500, na ile ya kawaida ya ofisini ina uzito wa takriban kilo 2 na nusu. Karatasi hizo zikichapishwa upande mmoja, zabaki kurasa 500 nyeupe. Kila karatasi ikikunjwa katikati, ukurasa wake mweupe huwa kurasa mbili zenye ukubwa wa daftari la shule. Hizo ni kurasa 1,000, yaani zaidi ya madaftari 10 yenye kurasa 96. Kwa hiyo kila rimu inayotupwa hivyo huondoka na madaftari 10, katika kaunti ambayo wapo watoto wanaoandika hesabu ya leo pambizoni mwa hesabu ya jana.

Na karatasi hizo hufikaje hapa? Kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza kazi katika miaka ya 1970, kilifungwa mwaka 2009, na ingawa kilipata mwenyewe mpya mwaka 2016, nchi yetu ingali inaagiza karatasi nyingi kutoka ng'ambo. Rimu hushushwa Mombasa, hupandishwa bara hadi Kitale, kisha hubebwa kwa lori hadi Lodwar na Kakuma. Ikishatumika, hairudi ilikotoka, kwa maana hakuna lori linaloondoka Lodwar likiwa na shehena ya karatasi kuukuu za kusagwa upya. Huchomwa nyuma ya majengo, au hupeperushwa na upepo na kunasa katika miiba ya mathenge. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 yataka taka zitenganishwe pale zinapozaliwa. Nawauliza wakuu wa ofisi zetu: je, katika vyumba vyenu kuna pipa la karatasi peke yake, au mabaki ya chai na barua hulala pamoja?

Najua nitajibiwa kwamba karatasi ndiyo ushahidi, na kwamba mkaguzi wa hesabu hatakubali maneno matupu. Jibu hilo lingekuwa na nguvu zaidi lau kama wafugaji wetu wasingekwisha kulikanusha kwa vitendo. Mpango wa Serikali wa kuzipa fedha kaya maskini za maeneo kame ulipoanza kulipa mwaka 2009 katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, bibi asiyejua kusoma alipewa kadi na kutambuliwa kwa alama ya kidole chake. Kule Kakuma, mwaka 2013, wakimbizi walianza kuthibitishwa kwa alama za vidole wanapopokea chakula, na mwaka 2015 sehemu ya posho ikaanza kutumwa kwa simu kupitia mpango wa Bamba Chakula. Mwaka 2020, sheria zetu za biashara zilirekebishwa ili sahihi ya kielektroniki itambulike katika mikataba. Ikiwa kidole cha bibi chatosha kuwa risiti, mbona mkuu wa idara hawezi kuidhinisha likizo ya karani mmoja bila karatasi nne?

Lakini nawaonya wale watakaokimbilia kusema kwamba dawa ni kuhamisha kila kitu mtandaoni. Huduma za Serikali zilianza kupatikana kupitia eCitizen mwaka 2014, na ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, asiye na simu ya kisasa, wala umeme wa uhakika, wala mawimbi ya kutosha, hulazimika kusafiri hadi Lodwar kutafuta saiba. Huko hulipa ili ajaziwe fomu, kisha hulipa tena ili fomu iliyojazwa mtandaoni ichapishwe na kupelekwa mkononi katika ofisi ile ile. Huko si kupunguza karatasi. Ni kuihamisha gharama ya wino kutoka kwa kampuni na kumbebesha mwananchi, kisha kampuni ikajisifu katika taarifa yake ya mwaka kwamba imehifadhi mazingira.

Kwa hivyo mapendekezo yangu ni machache na hayahitaji wafadhili. Kwanza, ofisi isidai nakala ya hati ambayo yenyewe, au ofisi dada, inayo tayari. Pili, mwananchi akileta hati yake asili, karani aipige picha na kumrudishia papo hapo. Tatu, kila mashine ipangwe kuchapisha pande zote mbili, na anayetaka upande mmoja aeleze sababu. Nne, taarifa iliyotumwa kwa barua pepe isichapishwe tena. Tano, karatasi zenye upande mweupe zikusanywe kila muhula na kupewa shule. Hapa nasisitiza tahadhari: zisiwe na majina, magonjwa wala mishahara ya watu, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haimruhusu mtoto wa darasa la nne kujifunzia nyuma ya siri za jirani yake.

Sisemi kwamba karatasi zote ni takataka. Cheti cha kuzaliwa, hati ya mkimbizi na shahada ya mwanafunzi ni karatasi zinazobeba maisha ya mtu, na zistahili kutunzwa vyema zaidi kuliko zinavyotunzwa sasa. Ila tusilichanganye jambo zito na karatasi nyingi. Waturkana na Wamatheniko walipopatana Lokiriama mwaka 1973, walifukia silaha ardhini mbele ya mashahidi, na hadi leo pande zote mbili hukutana pale kuikumbuka siku hiyo. Uzito wa patano lile haukupimwa kwa wingi wa nakala.

Sisi walimu nasi tusijitoe lawamani. Maazimio ya kazi, maandalio ya somo na rekodi za kazi huandikwa, huchapishwa na kuwekwa kwenye faili ili kumridhisha mkaguzi, na pengine yakafanana neno kwa neno na ya mwaka uliopita. Tuanze na vyumba vyetu vya walimu: tuhesabu rimu tunazotumia kwa muhula, tuandike idadi hiyo ubaoni ili wanafunzi waione, na muhula unaofuata tuipunguze. Tukishafanya hivyo, tutakuwa na haki ya kuyaendea madirisha ya ofisi za Lodwar na Kakuma, pamoja na wazazi wetu wa Namoruputh, na kuuliza: nakala hii ya tatu, ni ya nani?