Hesabu Madebe Kabla ya Kuhesabu Matuta

Mkulima mwenzangu, mvua za vuli zimekwisha na za masika hazijafika. Kuanzia Januari mpaka katikati ya Machi jua letu halina huruma. Mahindi yako ghalani, ng'ombe wamepunguza maziwa, na mtu hupenda kukaa kivulini akisema, "Tungoje mvua." Lakini hebu zunguka nyuma ya jiko ukaitazame bustani ya mboga. Ikiwa unaona mabua makavu ya sukuma wiki na kuku wakichakura, basi maneno haya ni yako.

Mimi si Bwana Shamba. Mimi ni karani wa ofisi, na kabla ya hapo nilisomea ualimu. Kazi yangu ni madaftari. Lakini karani hukaa mahali ambapo watu husimama wakingoja zamu, na mwenye kungoja huzungumza. Kila Februari nasikia neno lile lile: "Karani, fedha za maziwa zimekwisha kwa mboga." Mtu ana ekari 15 zake mwenyewe, naye ananunua majani sokoni! Leo shilingi chache, kesho chache, na siku ya kulipa fungu la deni la shamba ikifika, mfuko ni mtupu. Tena siku ambayo hata hizo chache hazipo, watoto hula ugali kwa chumvi.

Nikiuliza sababu, najibiwa kwamba maji hakuna. Jibu hilo naliheshimu, maana mto uko mbali, na mama ndiye anayebeba debe mgongoni. Lakini halijatimia. Maoni yangu ni haya: bustani nyingi hufa kwa kuwa ni kubwa kupita maji yaliyopo.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilikosa. Mwaka mmoja nilipanda matuta 8. Jua lilipowaka, nikawa kila jioni nachukua madebe 2 na kuyanyunyiza matuta yote, kila mche upate tone lake. Udongo ulilowa juu tu. Ukiukwaruza kwa kidole, chini ni vumbi. Mizizi ilibaki juu juu kufuata yale maji machache, na mchana jua likaichoma. Februari ilipokwisha sikuwa na tuta hata moja. Mke wangu akaniambia, "Baba, wewe uliyefundisha hesabu, umegawanya mbili kwa nane!" Sikuwa na la kumjibu.

Basi na tufanye hesabu hiyo pamoja. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4, wakati wa jua kali, huhitaji kiasi cha debe moja kwa siku. Tuta hilo huchukua miche 16 hivi ya sukuma wiki, katika mistari miwili. Ukiwa na madebe 2 kwa siku, weka matuta 2, usizidishe. Miche 30 iliyoshiba maji italisha nyumba yako mara kadhaa kwa juma. Miche 120 yenye kiu haitakupa hata sufuria moja.

Wala madebe hayo si lazima yote yatoke mtoni. Weka debe tupu mlangoni pa jiko. Maji ya kuoshea viazi na mboga, ya kunawia mikono, na ya kusuuzia vyombo, yote yaingie humo. Maji yenye sabuni nyingi au mafuta usiyatumie. Utashangaa jioni debe limefika wapi.

Sasa uyatunze maji hayo. Kwanza, wakati wa kiangazi tuta lisiinuliwe, bali lizame kidogo na kuzungushiwa kingo za udongo, ili maji yasikimbie. Pili, changanya mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri, maana udongo wenye mbolea hushika maji. Tatu, funika udongo kwa nyasi kavu au mabua ya mahindi, unene wa kiganja, bila kugusa shina. Jua halitaukausha udongo upesi. Nne, mwagilia asubuhi na mapema au jioni, penye shina wala si juu ya majani, mpaka maji yazame. Mara moja kwa siku mbili kwa kushiba ni bora kuliko kila siku kwa kulambisha. Na magugu yang'olewe, kwa kuwa nayo hunywa debe lako.

Ninyi wa Kinangop mnajua tena jinsi baridi ya usiku wa Januari inavyogandisha umande na kuunguza majani. Tandazeni nyasi kavu juu ya mboga jioni, mziondoe asubuhi.

Je, matuta yale mengine? Yaache. Chuma majani yaliyosalia, mabua wape ng'ombe, weka mbolea na nyasi, yapumzike mpaka masika. Najua inauma kuacha mche uliouotesha kwa mkono wako. Lakini ukikataa kuacha sita, utapoteza nane.

Wako watakaonibishia kwamba bustani ya jikoni ni kazi ya mama, na mwanamume ana mambo makubwa zaidi. Bwana, nakuuliza: fedha za mboga zinatoka mfukoni mwa nani? Mama amekwisha kupanda kilima na maji ya kunywa na ya kupikia. Kuchimba matuta mawili na kuyafunika nyasi ni kazi ya asubuhi moja kwa mwanamume mwenye jembe, na ukiwa na punda au baiskeli, debe la jioni si mzigo kwako.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maji nayo ni mali. Jioni ya leo, kabla hujalala, hesabu madebe yaliyopita nyumbani mwako tangu asubuhi, na mangapi yamemwagwa uani. Kesho asubuhi uchague matuta yako.