TAHARIRI: Kijana wa chesi, kufungwa si mwisho wa mchezo

SISI watu wa soka tuna bahati moja. Tukifungwa, lawama zina pa kwenda. Refa katuonea, uwanja ulijaa tope, kocha kachelewa kufanya mabadiliko.

Kwenye chesi, au sataranji kama wanavyoiita wazee, lawama hazina pa kwenda. Kila upande una kete 16 na aliyezisogeza ni wewe mwenyewe. Ndiyo maana kipigo cha ubaoni kinauma kuliko bao la dakika za nyongeza.

Hofu yetu ni kwamba mtoto mwenye kipaji anaweza kuuacha mchezo huu baada ya vipigo vitatu vinne tu, hasa akifika nyumbani na kupokewa na swali, "Umefungwa tena?"

Tumtazame Gukesh wa India. Aprili 2024, akiwa na miaka 17, alifungwa na Alireza Firouzja kwenye raundi ya saba ya mashindano ya Toronto ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia. Hakununa. Alimaliza kileleni.

Novemba mwaka huohuo, kule Singapore, akaanza fainali dhidi ya bingwa mtetezi, Ding Liren wa China, kwa kupoteza mechi ya kwanza. Akashinda ya tatu na ya 11, akapigwa tena ya 12. Mechi ya 14, ya mwisho, Ding akakosea hatua ya 55 na dogo akabeba ubingwa kwa pointi 7.5 kwa 6.5. Miaka 18 tu, na kwenye fainali hiyo alifungwa mara mbili!

Vijana wetu wafanye nini? Kwanza, mpe mpinzani mkono, hata kama koo limekukaba.

Pili, usikimbilie simu kutafuta mechi nyingine kwa hasira. Timu iliyofungwa ikipanda yote mbele bila mpango, huongezwa la pili. Kunywa maji, tembea kidogo, halafu rudi.

Tatu, tumia karatasi yako. Kwenye mechi ndefu za mashindano, mchezaji huandika kila hatua. Hiyo ndiyo VAR yako. Akikubali, kaa na aliyekufunga mpitie mechi pamoja. Tafuta mwenyewe ulipokosea kabla ya kufungua kompyuta. Kompyuta itakuonyesha hatua mbovu, lakini haitakuambia ulikuwa unawaza nini ulipoicheza. Je, ulidharau? Ulikosa muda? Ulikuwa unatazama shambulizi lako tu ukasahau la mwenzako?

Nne, fanyia kazi kosa hilohilo. Kama farasi wa mpinzani anakushtukiza kila siku, fumbua mafumbo ya farasi kila siku. Kama unapoteza mechi ulizokuwa unaongoza, jifunze kumalizia mchezo kete zinapobaki chache. Mshambuliaji anayekosa penalti hapelekwi kufanya mazoezi ya kurusha mpira.

Tano, usiwakimbie wanaokufunga. Ukicheza na vibonde pekee utajaza ushindi mfukoni, lakini kiwango kitabaki palepale.

Kwa wazazi na makocha, badilisheni swali. Badala ya "umeshinda?", muulizeni mtoto hatua ipi ilimpa shida, kisha mwacheni aielezee. Anayeogopa kugombezwa ataanza kucheza kwa woga, na anayecheza kwa woga hupaki basi hata pale ambapo goli liko wazi.

Wahenga walimaliza kazi: asiyekubali kushindwa si mshindani. Tunaongeza kidogo tu. Kubali kushindwa leo, ila usikubali kushindwa kesho kwa kosa lilelile.