Bunge liulize kabla ya reli kufika Malaba

WAKAZI wa Malaba wamesikia habari za reli ya kisasa kwa zaidi ya miaka kumi. Wamesikia ahadi, wameona wapimaji wa ardhi wakipita na vigingi, na wamezoea kuambiwa wangoje.

Mnamo Oktoba 2014, Uganda ilizindua mradi wa reli ya SGR kwa shangwe. Mwaka 2015, kandarasi ya kuijenga kutoka Malaba hadi Kampala ikapewa kampuni ya China ya CHEC. Mkopo uliotarajiwa kutoka Benki ya Exim ya China haukupatikana, na mnamo Januari 2023 kandarasi hiyo ikavunjwa.

Oktoba 14, 2024, Uganda ilitia saini mkataba mpya na kampuni ya Uturuki ya Yapi Merkezi. Reli hiyo ni ya kilomita 272, na gharama yake ni Euro bilioni 2.7.

Upande wa Kenya, treni ya SGR ilianza safari kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Ujenzi ulikuwa umegharimu Sh327 bilioni. Mwaka 2019 reli hiyo ikasongezwa hadi Naivasha kwa Sh150 bilioni zaidi, ikaishia huko. Mpango wa kuifikisha Kisumu na Malaba umetangazwa mara kadhaa tangu wakati huo.

Hatupingi reli. Mji huu uliwahi kuishi kwa reli, na tunakumbuka yaliyoupata reli ya zamani ilipodorora. Tunachosema ni kwamba wabunge wa pande zote mbili wana wajibu wa kuuliza maswali kabla ya fedha kutoka. Wakiuliza baadaye, watabaki kuandika ripoti tu.

Historia ya SGR ya Kenya inatosha kutufunza. Kandarasi ya ujenzi ilitiwa saini mwaka 2012. Rais Uhuru Kenyatta akazindua mradi Novemba 2013. Ni mwaka 2014 ndipo kamati mbili za Bunge la Taifa, ile ya Uchukuzi na ile ya Uwekezaji wa Umma, zilipoanza kuwahoji wahusika kuhusu gharama na jinsi mwanakandarasi alivyopatikana. Wakati huo mradi ulikuwa umeshazinduliwa, na kuusimamisha kulikuwa kama kumzuia bwana harusi ambaye tayari yuko mlangoni.

Mabishano yakahamia kortini. Juni 2020, Mahakama ya Rufaa ilisema sheria ya ununuzi wa umma ilikiukwa. Mwaka 2023, Mahakama ya Juu ikabatilisha uamuzi huo. Majaji walikuwa wakibishana kuhusu karatasi zilizotiwa saini miaka 11 kabla, ilhali treni zilikuwa zikipita na deni likilipwa.

Na mikataba yenyewe ya mkopo je? Mlipa ushuru hakuiona hadi Novemba 2022, baada ya wanaharakati kwenda mahakamani na Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Bw Kipchumba Murkomen, kuiweka wazi. Hapo ndipo wananchi walipojua kwamba sehemu moja ya mkopo ilikuwa na riba ya asilimia mbili, na nyingine riba inayopanda na kushuka na soko la dunia. Walijua pia kwamba mzozo wowote ungeamuliwa Beijing. Mikataba hiyo ilikuwa ya mwaka 2014. Miaka minane ilipita kabla ya mwenye deni kuonyeshwa deni lake!

Mwalimu anayesahihisha mtihani baada ya mtoto kuhama shule hamsaidii mtoto huyo. Ndivyo ilivyo kwa kamati ya Bunge inayochunguza kandarasi baada ya wino kukauka.

Uganda nayo ina kidonda chake. Tume iliyoongozwa na Jaji Catherine Bamugemereire, iliyoundwa mwaka 2015, ilichunguza matumizi ya fedha katika Mamlaka ya Barabara, UNRA. Ripoti yake ya mwaka 2016 ilieleza jinsi matrilioni ya shilingi yalivyofujwa katika miaka saba. Barabara ya Mukono-Katosi ni mfano unaojulikana na kila mtu: kampuni iliyojidai kutoka Marekani ililipwa malipo ya awali ya Sh24.7 bilioni za Uganda, kisha ikabainika kuwa ni ya uongo. Ripoti ilikuwa nzuri, lakini fedha zilikuwa zimeshakwenda.

Huenda mfanyabiashara wa Malaba akadhani mambo haya ni ya wakubwa wa Nairobi na Kampala. La hasha. Tangu mwaka 2013, bidhaa zinazoingizwa Kenya kutoka ng'ambo hutozwa ushuru wa kuendeleza reli. Ulianza kwa asilimia 1.5, na tangu Desemba 2024 umekuwa asilimia mbili. Mama anayeuza mitumba upande wa Kenya haoni ushuru huo kwenye risiti yake, lakini umo ndani ya bei ya kila bando analofungua. Kwa hivyo ana haki ya kuuliza kama mtu yeyote aliyetoa mchango.

Ana swali lingine zito zaidi. Malaba inaishi kwa malori. Anayepika ugali, anayekodisha vyumba, anayebadilisha fedha, kijana wa bodaboda na fundi wa magurudumu wote wanamtegemea dereva anayelala hapa akingoja karatasi zake. Serikali ya Kenya ilipoagiza mizigo isafirishwe kwa SGR kutoka bandarini, wafanyabiashara wa miji ya njiani kama Mariakani na Mtito Andei walilia kwamba wateja wametoweka. Je, kuna mbunge wa Busia au Tororo aliyedai kuonyeshwa mpango wa Malaba siku ambayo makontena yatapita hapa bila kusimama?

Kuna pia kundi ambalo halina msemaji, nalo ni la waliorudi. Vita vya Teso vilipoanza mwaka 1987, familia nyingi zilivuka mpaka na watoto wao wakasomea Kenya. Mwandishi wa makala hii ni mmoja wa watoto hao. Mwaka 2008 tuliona safari ya upande wa pili, Wakenya wakikimbilia Tororo baada ya ghasia za uchaguzi. Aliyerudi hukuta mipaka ya shamba imesogezwa, wazee walioijua wamefariki, na hati hana. Mthamini akija, huandika jina la aliyemkuta akilima.

Katiba ya Uganda haimtupi mtu huyo. Kifungu cha 237 kinatambua umiliki wa ardhi kwa mila, na kifungu cha 26 kinataka fidia ya haki ilipwe mapema, kabla ardhi haijachukuliwa. Mwaka 2017 serikali ilipeleka bungeni mswada wa kulegeza kifungu hicho cha 26 ili miradi isicheleweshwe na kesi za fidia. Mswada huo ulipingwa ndani na nje ya Bunge, na haukupita. Huo ni ushahidi kwamba wabunge wakiuliza mapema, mwananchi hupona.

Nyenzo zipo. Kifungu cha 159 cha Katiba ya Uganda kinasema serikali haiwezi kukopa bila idhini ya Bunge. Kifungu cha 201 cha Katiba ya Kenya kinataka uwazi na ushirikishaji wa umma katika fedha za umma. Kifungu cha 229 kinalipa Bunge miezi mitatu kujadili ripoti ya Mkaguzi Mkuu na kuchukua hatua. Kinachokosekana ni moyo wa kuzitumia.

Hivyo basi tunawaomba waheshimiwa wafanye mambo matatu. Kwanza, mikataba ya ujenzi na ya mikopo iwasilishwe katika mabunge yote mawili, na isifichwe kwa kisingizio cha siri ya biashara. Kandarasi ya Uganda imeshatiwa saini, ni kweli, lakini malipo hutolewa kwa awamu, na kila awamu ni nafasi ya kuuliza.

Pili, kamati za uchukuzi zije Malaba zenyewe. Ziketi upande huu wa mto na ule mwingine, zisikize wafanyabiashara kwa Kiswahili, Kiteso na Kijopadhola, badala ya kungoja wajumbe wachache wapelekwe hotelini mjini.

Tatu, majina ya watakaofidiwa yasomwe hadharani katika baraza kabla ya malipo, na aliyerudi kutoka uhamishoni apewe muda wa kuleta mashahidi wake.

Wananchi nao wasikae kimya. Mbunge akija kuomba kura, aulizwe alisema nini kuhusu reli, na alisema lini. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kulipa deni ambalo hukuonyeshwa.