Dereva wa lori akipata ajali, kazi nyingine huitafuta kwa jina gani?

KATIKA biashara ya malori, ajali haimwachii dereva majeraha peke yake. Humwachia pia jina. Gari likipinduka katika mlima wa Kitonga mkoani Iringa, au likigonga jingine kwenye mteremko wa Inyala mkoani Mbeya, habari hufika katika yadi za Dar es Salaam na maegesho ya Tunduma kabla dereva mwenyewe hajatoka kituo cha polisi. Mara nyingi simu ya mwenye gari hufuata muda huo huo, nayo huwa na neno moja: kabidhi nyaraka, huna kazi.

Kuanzia hapo mtu huyo hutafuta kibarua kingine akiwa na leseni ya daraja E, uzoefu wa miaka mingi wa njia ya Zambia na Kongo, na swali ambalo kila mwajiri mpya atamuuliza: ulikotoka uliachaje kazi? Jibu la swali hilo ndilo humfungulia au kumfungia mlango, na jibu hilo huandaliwa, au huharibiwa, katika siku chache zinazofuata ajali.

Udereva wa masafa marefu ni kazi inayotolewa kwa kuaminiana. Mwenye lori humkabidhi mtu gari la thamani kubwa na shehena ya mtu wa tatu, avuke navyo mipaka. Kwa hiyo kabla ya kuajiri, huuliza. Tahadhari hiyo haina ubaya. Ubaya uko katika ukweli kwamba anayeulizwa ni yule yule aliyemfukuza dereva, ambaye naye anaweza kuwa na la kuficha. Mmiliki aliyeruhusu lori litoke yadini likiwa na breki zilizokwisha, au aliyemtaka dereva afike mpakani bila kulala, hana sababu ya kuyataja hayo kwenye simu. Atasema tu kwamba kijana aliangusha gari.

Sheria ya Tanzania haikubaliani na utaratibu huo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali ya kumwachisha mtu kazi na afuate utaratibu wa haki, na jukumu la kuthibitisha ni lake. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinaufafanua utaratibu huo: uchunguzi ufanyike, mfanyakazi aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apewe muda usiopungua saa 48 kujiandaa, asikilizwe, na aruhusiwe kuwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake.

Katika kanuni hizo, miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu ni uzembe mkubwa na kuhatarisha usalama wa wengine kwa makusudi. Ajali yenyewe haimo. Ajali ni tukio. Uzembe ni tuhuma inayopaswa kuthibitishwa. Tairi lililopasuka, breki zilizogoma na lori la mbele lililosimama kwenye kona bila taa vyote huishia katika ajali, lakini havina mkosaji mmoja. Ndiyo maana ripoti ya polisi na ile ya mkaguzi wa magari zina uzito kuliko maneno ya yeyote, na dereva asiyejua zilichoandika hana cha kumwonesha mwajiri mwingine.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Dereva aliye mbali na nyumbani, hana fedha na amefikishwa mahakamani kwa kosa la kuendesha gari kwa uzembe, huona njia ya mkato ni kukiri, kulipa faini na kuondoka. Faini hulipika, ila kukiri huko hubaki katika kumbukumbu na kugeuka ushahidi wa mwajiri. Kama gari lilikuwa bovu, hoja hiyo hufa siku hiyo.

Kujikwaa kwa pili ni kwa muda. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Anayechelewa hulazimika kwanza kutoa sababu za msingi za kuchelewa kwake. Siku hizo 30 ndizo hizo hizo ambazo dereva huzunguka yadi kutafuta gari jingine, akihofu kwamba akimshitaki tajiri wa kwanza, wa pili atasikia. Akipata gari, haki imepita. Asipolipata, imepita vile vile.

Aliyejeruhiwa ana mzigo zaidi. Sheria inampa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, upo kwa ajili ya walioumia kazini, na michango yake hulipwa na mwajiri bila kukatwa katika mshahara. Mguu uliovunjika si kosa la nidhamu. Kabla ya kumwondoa mtu kwa sababu hiyo, mwajiri anapaswa kutazama kama ipo kazi nyingine anayoimudu, hasa kama aliumia akiwa kazini.

Haki hizo zote husimama juu ya uthibitisho wa ajira, na katika malori karatasi ni adimu. Mwezi Aprili na Mei 2015 madereva walipogoma na kusimamisha usafiri nchini, mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao, pamoja na kupinga sharti la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni. Asiye na mkataba, hati ya malipo wala barua ya kuachishwa hulazimika kuanza kwa kuthibitisha kwamba aliwahi kuajiriwa.

Matokeo yake ni kwamba wengi hurudi barabarani kwa mlango wa nyuma. Huchukua safari moja moja kama deiwaka, kwa malipo ya safari tu, katika magari ambayo madereva wenye ajira ya kudumu wameyakataa. Na kwa kuwa kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu aliye na ajira ya chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja, anayehama gari hadi gari huenda asiifikie kamwe. Mtu aliyetoka kwenye ajali, labda hajapona sawasawa, hupewa gari bovu kuliko la kwanza na sababu ndogo zaidi ya kulikataa. Hasara hiyo si yake peke yake. Ni ya abiria wa basi linalopishana naye Kitonga usiku.

Dawa yake haihitaji sheria mpya. Mwajiri anatakiwa na sheria iliyopo kutoa cheti cha utumishi ajira inapokoma, na kama amemwachisha dereva mbali na mahali alipomwajiri, kumrudisha au kumlipia nauli. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoanzishwa mwaka 2019, imepewa jukumu la kuwathibitisha madereva wa magari ya biashara. Kumbukumbu ya dereva ikiwa na chanzo cha ajali kilichothibitishwa, mwajiri mpya atakuwa na mahali pa kuuliza zaidi ya simu ya tajiri aliyekasirika. Aliyezembea atajulikana, na asiyezembea hatabeba jina lisilo lake.

Kwa dereva, la kwanza ni kuomba nakala ya ripoti, kudai sababu ya kuachishwa kwa maandishi, na kuhesabu siku tangu siku hiyo. Yadi zitakuwapo hata mwezi ujao; siku 30 za Tume hazitamsubiri.