Msimu Haungoji Ofisi

Anunuaye fungu la mchicha au la tungule katika marikiti ya Darajani huuliza bei akaenda zake. Ni nadra kujiuliza fungu hilo limefikaje pale. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Mboga nazo huundwa, tena kwa jasho la kila siku.

Mwenye konde la muhogo akishapanda na kupalilia aweza kuweka jembe chini akangoja. Mwenye bustani ya mboga hana nafasi hiyo. Kabla ya jua kuchomoza huwa keshafika kisimani na ndoo zake. Akishamwagilia hupalilia, huokota wadudu na kufunga mitungule kwenye vijiti. Jioni humwagilia tena. Katika jua kali la Januari na Februari, akiacha siku mbili tu, miche hunyauka. Masika yakiingia, kati ya Machi na Mei, taabu hugeuka sura: maji aliyokuwa akiyatafuta humfurika, matuta hubomoka na ukungu huozesha tungule zingali mbichi. Neema yake huja na kipupwe cha Juni, anapohamisha miche aliyoiotesha mwishoni mwa masika, ili avune baada ya miezi miwili au mitatu.

Hesabu hiyo ya majira ndiyo inayotufanya tuseme leo. Mbegu za tungule zikimfikia mkulima mwezi wa Mei ni msaada. Zikimfikia Agosti ni mzigo wa ghalani. Bwana shamba akija ugonjwa ungali katika majani machache huokoa bustani. Akija wiki mbili baadaye huja kutoa pole. Faili laweza kungoja saini, lakini mche hauwezi.

Sokoni nako mambo ni hayo hayo. Wengi huvuna kwa pamoja, bei huanguka na matenga ya tungule huoza. Masika yajayo twaagiza mboga zivuke bahari kutoka Bara. Kununua kwa ndugu zetu si aibu. Aibu ni kutupa Septemba kile tunachokitafuta Aprili.

Kwa hiyo tunatoa rai kwamba mbegu, mbolea na dawa zigawiwe kwa kalenda ya mkulima, wala si ya ofisi. Suala la maji lipewe uzito wake. Visiwa vyetu havina mito mikubwa. Twategemea maji yaliyo chini ya ardhi, na kisima cha karibu na pwani kikivutwa kupita kiasi huingia chumvi. Yafaa yajengwe mahodhi ya kuhifadhi maji ya masika, na masoko yetu yawe na vyumba vya baridi vya kutosha.

Wakulima nao wana wajibu. Waoteshe kwa zamu, wasivune wote wiki moja. Na wakishapiga dawa wangoje siku zilizoamriwa kabla ya kuvuna, kwani mlaji ni jirani yao.

Viongozi wanaohusika tunawaomba wawatembelee wakulima hao, nao wafike alfajiri, wakati ndoo zinapotoka kisimani. Hapo wataona wenyewe kwa nini msaada uliochelewa msimu mmoja ni sawa na msaada usiokuja.